Wafalme Wema na Wafalme Wabaya

Imekuwa desturi katika shule zetu kuwafundisha watoto wafalme wa Israeli na Yuda kwa safu mbili ubaoni, wema upande huu, wabaya upande ule. Nasi hapa Chumbageni tuliandika safu hizo miaka kadhaa, na watoto wakazikariri vema. Hata siku moja mtoto akauliza, “Mwalimu, Asa yuko wapi?” Tukajibu upesi: kwa wema. Naye akafungua Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 16, akatusomea jinsi mfalme yule alivyomtia gerezani mwonaji Hanani kwa sababu alimkemea, akawaonea na baadhi ya watu wake. Tukasimama na chaki mkononi.

Tangu hapo twaona ya kuwa safu zile zaharibu kitabu. Tazameni, wasomaji wapenzi: Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 20, yaeleza vita vya Raba na kwamba Daudi alikaa Yerusalemu, kisha yapita kimya. Neno la mke wa Uria halimo. Sharti umwendee Samweli. Kinyume chake, Wafalme wa Pili humweleza Manase miaka yake 55 kwa uovu mtupu, na Nyakati ndiyo isemayo alivyofungwa pingu, akapelekwa Babeli, akaomba, akarudishwa. Basi asomaye kitabu kimoja tu aweza kumpa Manase hukumu isiyo kamili.

Wazee wetu wa pwani wanalo jambo la kufananisha nalo. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa Mwislamu, aliandika Habari za Wakilindi, na wamisioni wakaanza kukichapa mwaka 1895. Mle twasoma jinsi Mbegha, mwindaji mgeni, alivyowapa watu nyama wakampenda. Na baada ya Kimweri ye Nyumbai kufa, yapata 1862, Semboja wa Mazinde akamwondoa Vuga Shekulwavu, mtoto wa nduguye, na Wabondei wakawaasi Wakilindi. Nani asomaye hayo asimkumbuke Rehoboamu na makabila kumi? Mwandishi hakuwapanga safu. Ukarimu na ukatili umo katika nyumba ile ile moja.

Lakini Samweli ana jambo moja kubwa zaidi, nalo ni Nathani. Hakumwendea Daudi kwa lawama, bali kwa hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake aliyelala kifuani pake. Mfalme akakasirika, akamhukumu tajiri yule afe, naye hajui bado kwamba amejihukumu mwenyewe. Hadithi hii yatutega na sisi. Kwani sisi nasi hukasirika tusomapo, tukatoa hukumu. Na safu ya wabaya ubaoni ni hukumu zetu zilizoandikwa kwa chaki. Mara ngapi tumemwandika Ahabu kwa shamba la Nabothi, tena mchana tukagombana na jirani kwa mpaka wa minazi!

Safu tumezifuta. Mtoto yule sasa auliza tutatahini nini mwisho wa mwaka, nasi hatujamjibu.