Kazi Iliyofanywa na Kipindi, si Video

Muhula wa Agosti 2012, Chuo Kikuu cha San José State, Kalifornia, kilichukua kozi ya mtandaoni ya saketi za umeme iliyoandaliwa MIT na Anant Agarwal na wenzake, kikaiingiza katika somo lake la uhandisi. Somo hilo lilikuwa likiangusha wengi. Katika madarasa ya kawaida muhula huo, hata asilimia 60 ya kufaulu haikufikiwa. Darasa la mseto, lililochanganya kozi hiyo na vipindi vya ana kwa ana, lilifikisha 91.

Wengi walizipongeza video. Naamini pongezi zilikosea njia. Kozi hiyohiyo ilipofunguliwa kwa dunia nzima mapema mwaka huo, walijiandikisha watu wapatao 155,000, na waliopata cheti ni kama 7,000. Kweli, wengi wao hawakuwa wanafunzi wa chuo waliobanwa na mitihani. Lakini video ni zilezile, kwa hiyo tofauti tuitafute kwingine.

Tuitafute darasani. Mwanafunzi wa San José alitazama mhadhara na kufanya mazoezi nyumbani, kwa muda wake, akirudia sehemu iliyomshinda. Alipofika chuoni hakukuta mhadhara mwingine. Mhadhiri, Khosrow Ghadiri, alijibu maswali, akafafanua kwa ufupi palipokwama wengi, kisha wanafunzi wakakaa watatu watatu kukokotoa saketi, yeye na wasaidizi wake wakizunguka meza kwa meza. Majaribio mafupi yalifuata. Hapo ndipo kosa la mwanafunzi lilipoonekana likiwa bado bichi, kabla halijagandia kichwani hadi siku ya mtihani. Na aliyekuja bila kutazama video alijulikana mapema, kwa sababu wenzake wawili walimhitaji.

Tahadhari moja: wanafunzi hawakugawanywa kwa kura, na darasa la mseto lilidai kazi nyingi zaidi. Hiyo 91 isichukuliwe kama kipimo cha maabara.

Muhula uliofuata, chuo hichohicho kilishirikiana na kampuni ya Udacity kufundisha kozi tatu za hisabati na takwimu mtandaoni tu, bila kipindi cha ana kwa ana. Katika kozi zote tatu, waliofaulu walikuwa nusu hivi au pungufu. Julai 2013 mradi ukasimamishwa. Wanafunzi walikuwa tofauti, wengine wa sekondari, na baadhi ikagundulika hawana hata kompyuta nyumbani. Jambo hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya video ya kwanza kurekodiwa.

Mwaka huohuo walimu wa falsafa chuoni hapo walimwandikia Michael Sandel wa Harvard barua ya wazi, wakikataa kutumia kozi yake ya mtandaoni kuhusu haki. Waliogopa kwamba mhadhara ulionunuliwa ungewageuza wasaidizi wa mtu asiyekuwepo, na idara zao zifutwe kwa jina la kubana matumizi. Hofu hiyo ilikuwa halali. Lakini darasa la saketi halikupunguza kazi ya mhadhiri hata kidogo: liliongeza wasaidizi, likaongeza majaribio ya kusahihisha, na kila kipindi kikahitaji maswali mapya. Chuo kinachotaka matokeo yale kiweke fedha za watu hao kwenye bajeti kabla ya kulipia jukwaa la mtandaoni.