Juu ya Ngonjera za Siku ya Wazazi

Siku ya wazazi katika shule zetu za parokia ina desturi zake. Asubuhi husomwa Misa, kisha watu huketi chini ya turubai, kwaya huimba, ngoma hupigwa, madaftari ya watoto huwekwa juu ya madawati ili baba na mama wayaone. Na kabla ya hotuba ya mgeni rasmi husimama watoto wawili au wanne wakasema ngonjera. Hayo mengine tutayaacha. Kwaya za Ngara zina walimu wao wazuri, na ngoma zetu hazingoji sifa kutoka kwetu. Tutakayoipima ni ngonjera, maana kwa siku nyingine zote shule husema na watoto tu, lakini saa hiyo husema na kijiji kizima, tena kwa maneno yaliyotungwa na kukaririwa kwa muda wa majuma mengi. Yafaa basi tuulize shule yasema nini.

Mwaka jana tulisikiliza ngonjera katika shule moja ya wilaya yetu. Wasemaji walikuwa wawili, Baba na Binti. Baba alikuwa mvulana wa darasa la sita. Amevaa shati lililoraruka, ana jembe begani na kibuyu kwapani, naye apepesuka kama mtu aliyeshiba lubisi. Akasema kwamba shule ni upuuzi, binti ni wa kuolewa, yeye hataki kusikia habari za vitabu. Binti akamjibu kwa beti saba juu ya udaktari, urubani na maendeleo ya taifa. Baba akaanguka magoti, akatupa kibuyu, akaomba radhi kwa beti mbili. Watu wakacheka sana, mgeni rasmi akatoa noti, kazi ikaisha.

Yaliyo mema tuyataje kwanza. Sauti ya yule binti ilikuwa safi, na alijua kutua katikati ya mstari, pale kina cha ndani kinapolia, jambo ambalo watu wazima wengi wanaosoma mashairi redioni hawalijui. Watoto wetu nyumbani husema Kihangaza au Kishubi. Kuusema mstari wa mizani kumi na sita kwa Kiswahili sawasawa, mbele ya watu mia tatu, pasipo karatasi mkononi, si jambo dogo. Mizani yenyewe ilitimia. Lakini ilitimia kwa kushindiliwa: kila mstari uliopungua uliongezewa “jama” au “kweli” au “sana”, kama gunia la maharage linavyojazwa mawe ili mzani ukubali. Tena, tulipomwuliza mtoto mmoja maana ya neno “mustakabali,” alilokuwa amelitamka mara nne, alitutazama tu. Kosa hilo si la mtoto.

Hata hivyo hayo ni madogo. Kosa kubwa tuliloliona ni la Baba, maana Baba huyo hayumo kijijini.

Wasomaji wengine huenda wakasema, hiyo ni michezo ya watoto, mnataka nini zaidi? Twajibu kwamba ngonjera haikuanza kuwa mchezo. Aliyeifanya ijulikane nchini ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 akafa mwaka 1969. Mtu Mkatoliki aliyetunga pia tenzi juu ya Enjili na Zaburi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieleza kwa watu, na Mnyampala akatunga ngonjera nyingi kwa kazi hiyo. Kitabu chake cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, yeye akiwa ameshafariki. Kawaida ya ngonjera ni hii: wawili hawapatani, mmoja asema, wa pili apinga, hoja kwa hoja, hata mwisho wapatane. Sasa, huyu Mnyampala alipata kuwa hakimu. Hakimu ajua ya kwamba shauri halikatwi kabla mdaiwa hajasema, na ya kwamba mdaiwa aliyezibwa kinywa hutoka barazani akiwa bado na neno lake moyoni, hata kama ametikisa kichwa kukubali. Ngonjera ambayo upande mmoja umepewa kibuyu mahali pa hoja haina shauri ndani yake. Ni hukumu iliyotiwa vina.

Tulitazama nyuso za wazee walioketi kwenye mabenchi ya nyuma. Walicheka, naam, walicheka kwa kuwa mvulana yule alijua kupepesuka. Lakini mzee mmoja, watu walipokuwa wakienda kula, alituambia, “Mwalimu, yule mzee wao mbona hakuuliza habari ya Januari?”

Neno hilo latosha kuwa somo zima la utunzi. Mwaka wa shule huanza Januari. Ada ya shule ya parokia yatakiwa mwezi huo, pamoja na sare, viatu na madaftari. Kahawa yetu huvunwa kuanzia Mei, ikauzwa kwa njia ya ushirika, na fedha yake hufika katikati ya mwaka au baadaye. Hata Krismasi ikipita imekwisha kulipa madeni, mabati na dawa. Zamani mtu aliyekwama aliuza mikungu ya ndizi. Lakini mnyauko wa migomba ulionekana Kagera mwaka 2006, ukaenea, na mtu aliyekata mashina yake kwa amri ya bwana shamba hana mkungu wa kuuza wala wa kula. Ni kweli tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada, na baba aweza kumhamishia mtoto huko. Ndiyo sababu ya pili ambayo Baba wa ngonjera angeweza kuitaja, kwamba amependa shule ya parokia kuliko mfuko wake unavyoweza. Tazameni hoja zilivyo nyingi! Mtunzi hakuzitia hata moja. Akatia ulevi.

Wako walevi, hatukatai. Wako na baba wanaowaoza binti zao mapema, nao wasemwe bila woga. Ila shida ya kuwatungia hao peke yao ni kwamba baba asiye mlevi hajioni pale. Asikia shule ikimcheka jirani yake, anacheka nayo, kisha arudi nyumbani na hesabu yake ile ile ya Januari, na mwezi wa pili mwalimu aita majina, kiti ki tupu. Na mtoto je? Yule mvulana aliyevaa shati lililoraruka amefundishwa kwa majuma sita, akisimamiwa na mwalimu, kuliigiza jembe la baba yake kama kitu cha kuchekesha. Jembe hilo ndilo lililomlipia dawati.

Jambo hili si jipya. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Nyerere, aliyekuwa amefundisha katika shule za Kikatoliki za St. Mary's Tabora na Pugu, alilalamika kwamba shule zamtenga mtoto na watu wake, zikimfanya adhani maarifa yote yamo vitabuni, na wazee hawajui kitu. Na jimbo letu la Rulenge, ambalo tangu mwaka 2008 laitwa Rulenge-Ngara, lilipata askofu aliyelitia jambo hilo moyoni: Christopher Mwoleka, aliyeliongoza tangu mwaka 1969 hata 1996, alikwenda kukaa katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja na wanakijiji. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya ujamaa ulivyokwenda. Lakini hapana aliyemwambia Mwoleka kwamba hajui kwa nini mkulima hana fedha Januari.

Twasikia walimu wenzetu wakisema ya kuwa Baba akipewa hoja za nguvu, Binti atashindwa mbele ya mgeni rasmi, na shule itaaibika. Hofu hiyo twaijua. Jibu lake tuliliona katika shule nyingine, isiyo mbali sana, ambapo mwalimu wa darasa la tano aliwatuma watoto nyumbani na swali moja tu: ni jambo gani lingemfanya baba yako akubakize nyumbani mwezi mzima? Wakarudi na majibu kwa Kihangaza, wakayabishania darasani siku tatu, kisha wakayatia katika Kiswahili wenyewe, mwalimu akisahihisha vina. Mizani ilikuwa mibovu mahali pengi. Lakini hapakuwa na mtoto asiyejua anachosema. Baba alipata beti saba, Mtoto nne. Na Mtoto hakushinda kwa urubani. Alimwambia baba yake kwamba gunia moja la kahawa liwekwe kando mwezi wa Agosti lisiguswe, kisha akamgeukia mwalimu mkuu, mbele ya watu wote, akamwomba ada ipokewe kwa mafungu. Hapo hapakuwa na kicheko. Wazee waliinama mbele ili wasikie vizuri, na mwalimu mkuu ikambidi asimame ajibu, kwa maneno ya kawaida yasiyo na vina.

Kasoro ya ngonjera ile, ukiacha mizani, ni mama. Hakupewa ubeti hata mmoja, na ndiye aliyepalilia maharage yaliyouzwa ili madaftari yanunuliwe. Tulimwuliza mwalimu sababu. Akasema swali lake lilitaja baba peke yake, na watoto walileta kile walichoulizwa. Mwaka huu atawatuma tena, jikoni.