Kitabu Kinachoishia Matangani

Kuna vitabu ambavyo mtu huvisoma kwa sababu vinamhusu, hata kama mwandishi hakumfikiria yeye alipokuwa akiandika. Kwangu mimi kimoja ni Rituals of Kinship among the Nyakyusa, cha Monica Wilson, kilichochapishwa mwaka 1957. Ni kitabu cha Kiingereza kuhusu taratibu za ukoo kwetu Unyakyusa: za kifo, za unyago na ndoa, za uzazi na za kuzaliwa kwa mapacha. Mara ya kwanza nilikisoma nikiwa kijana, nikitafuta alama za mtihani, nikazipata nikakisahau. Mara ya pili nilikisoma nikiwa na mvi, kwa sababu ndugu zangu nami tulikuwa tumegombana juu ya kaburi la baba.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kawaida. Mama alipofariki tulibaki na shamba dogo chini ya mlima Rungwe, lenye migomba, chai kidogo na makaburi mawili: la bibi na la baba. Mama mwenyewe alizikwa kwao, kwa maombi yake. Akaja mnunuzi mwenye fedha taslimu. Kaka yangu mkubwa alisema tuuze, mifupa ihamishwe. Mdogo wangu, ambaye ana kazi nzuri Dar es Salaam, alisema tusiuze, bali tujenge kaburi la marumaru lenye paa, watu wapitao barabarani wajue kwamba mzee alizaa watoto. Dada yetu alisema tuwaache wafu walivyo. Mimi sikusema kitu. Nilirudi nyumbani nikakitoa kile kitabu rafuni, nikitumaini kwamba mama yule wa Afrika Kusini angenipa jibu la kuwapelekea ndugu zangu.

Kwanza nikisifu, kwa maana kinastahili. Monica na mumewe Godfrey Wilson walifanya utafiti wao kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938. Hawakukaa bomani Tukuyu wakaita wazee waje kuhojiwa. Walijifunza Kinyakyusa, wakaenda misibani, wakakaa chini na watu. Godfrey alifariki mwaka 1944, na mjane wake akabaki na madaftari ya wote wawili. Kitabu hiki kwa hiyo ni kazi ya mtu aliyekuwa akiandika juu ya vifo vya wengine huku akiwa na msiba wake mwenyewe. Yeye hasemi hivyo. Lakini mimi nikisoma kurasa zake juu ya wanawake wanaolia ndani na wanaume wanaocheza nje kwa mikuki, siwezi kuamini kwamba ziliandikwa na mtu ambaye moyo wake ulikuwa mkavu.

Sifa ya pili ni kwamba anawaacha watu waseme. Anapoeleza maana ya jambo, mara nyingi anatupa kwanza maneno ya mwenyeji, kisha ndipo anaongeza ya kwake. Wenyeji hao hawakuwa mapambo. Leonard Mwaisumo, aliyekuwa karani na msaidizi wao, alifanya sehemu kubwa ya kazi ya kuuliza na kuandika. Ila jalada la kitabu lina jina moja tu, na hilo ni deni ambalo wasomaji wa siku hizi wanapaswa kulikumbuka.

Mafundisho yake makubwa ni haya. Kwa wazee wetu, maziko hayakuwa ya kumwaga marehemu tu. Yalikuwa na kazi mbili zinazofuatana. Kwanza, kumtenga marehemu na walio hai, asiwaandame katika ndoto. Pili, kumrudisha nyumbani akiwa amebadilika, akiwa mmoja wa abasyuka, yaani mizimu ya ukoo, ambao wanaotakia uzao wao heri. Aliyeacha kufanyiwa taratibu hizo alikuwa hatarini kupata kichaa. Tazama jinsi Kiswahili chetu nacho kinavyoyaweka karibu maneno mizimu na wazimu. Wazee walijua kwamba huzuni isiyo na njia ya kutokea humharibu mtu akili.

Godfrey naye aliandika makala mwaka 1939 juu ya desturi za maziko ya Wanyakyusa. Humo anaonyesha jinsi ngoma ya msibani inavyoanza kwa hasira na machozi na kuishia katika vicheko vya vijana wanaotazamana. Wageni wengi waliiona kuwa ni ukosefu wa adabu. Yeye aliona kwamba ndivyo uhai unavyorudi mahali palipopita kifo. Nilipozikwa babu nilikuwa mtoto, na nakumbuka nilicheka, nikapigwa kofi. Makala ile ilinipunguzia aibu niliyoibeba kwa muda mrefu.

Sasa nilaumu. Kitabu hiki kinajua msiba kuliko kinavyojua kaburi. Tunaelezwa siku za kulia, ng'ombe wanaochinjwa, majivu na matope, ndizi na nafaka, nani anakula nini na nani. Kisha watu wanaoga, wananyoa, wanatawanyika. Na lile tuta la udongo chini ya migomba? Mvua ya Rungwe haina huruma. Baada ya masika mawili tuta limelala, baada ya kumi hakuna ajuaye kichwa kiko upande gani. Nilitafuta nani alilipalilia, kwa miaka mingapi, na nini kilitokea shamba lilipopata mtu mwingine. Juu ya hayo nilipata kidogo sana.

Nilikasirika, kisha nikatulia nikaona kwamba lawama yangu haikuwa ya haki yote. Katika kitabu chake kingine, Good Company cha mwaka 1951, Monica anaeleza kwamba Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika. Kijana hakukaa na baba yake, alijenga na wenzake. Watu walihama, na ardhi haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Mtu aliyehama aliliacha kaburi nyuma yake. Aliweza kuliacha kwa sababu taratibu zilikwisha kumrudisha marehemu nyumbani. Mzee hakuwa pale chini ya udongo. Alikuwa pamoja na watoto wake, kwenye joto la moto wao. Makaburi yaliyotunzwa vizazi hata vizazi yalikuwa ya machifu. Hayo yaligeuka kuwa vichaka vitakatifu ambavyo hakuna aliyethubutu kukata mti wake, kama kile cha Lubaga ambako Lwembe alitambikiwa.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika shingo. Sisi tumeacha taratibu zile, wengi wetu kwa imani, wengine kwa aibu. Sijutii Ukristo wangu. Lakini kazi ambayo taratibu zilifanya, ya kumtoa marehemu kaburini na kumrudisha kati yetu, tumeikabidhi saruji. Tunamwaga zege juu ya baba, tunabandika vigae, tunaandika jina na tarehe mbili, tunapanda basi kurudi mjini. Kaburi la marumaru analolitaka mdogo wangu si tendo la kumkumbuka mzee. Ni ruhusa ya kutokurudi. Namsema yeye, lakini najisema na mimi.

Wamoraviani walipofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi nyingine. Mmoja wa wale wanne wa kwanza, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Kwao Herrnhut, Ujerumani, makaburi huwa ni mawe ya kulala, yaliyo sawa kwa sawa, tajiri na maskini, na watu hawakuzikwa kwa koo bali kwa makundi ya kanisa. Toka mwaka 1732 huenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kuimba jua likichomoza. Desturi hiyo tumeirithi. Kwenye ukungu na baridi ya Rungwe nimesimama mara nyingi kati ya mawe yenye majina ya Kijerumani ambayo hayana mjukuu hata mmoja wilayani kwetu, na yamefyekewa nyasi. Nani anayafyekea? Sisi. Makaburi ya wageni yana siku yake katika mwaka. La baba halina.

Jambo hili liliniongoza kusoma habari za Wayahudi, maana wao wamelifikiria kaburi kuliko watu wengi. Humzika mtu upesi, katika sanda sahili inayofanana kwa wote. Kaburi ni la marehemu daima, halihamishwi ila kwa sababu nzito. Anayelizuru huacha kijiwe juu yake. Jina mojawapo la makaburi kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya uhai. Na kazi ya kuosha na kuzika si ya ukoo peke yake, ni ya chama cha watu wanaojitolea. Kile cha Prague kilianzishwa mwaka 1564. Wao huita kazi hiyo fadhili ya kweli, kwa sababu maiti hawezi kulipa. Katika vita ya pili ya dunia Wanazi waliwaua mamilioni, na huko Poland mawe ya makaburi yao yaling'olewa yakatandazwa barabarani. Leo katika miji ambayo hakubaki Myahudi wa kufagia, wako majirani wasio Wayahudi wanaookota mawe yale na kuyarudisha. Wanafanya kama sisi tufanyavyo kwa wale Wajerumani wa Rungwe.

Huo ndio upungufu wetu, na Monica Wilson asilaumiwe kwa kutouandika. Vyama vya kuzikana tunavyo kila kitongoji. Tunachanga unga, sukari, sanduku, gari la kuleta maiti kutoka mjini. Siku ya tatu mhazini anasoma hesabu, tunafunga daftari. Hakuna mstari wa mwaka wa pili. Kaburi tunalirudishia ukoo, na ukoo uko Mbeya, Dar es Salaam na Afrika Kusini. Shida ikija, tunakimbilia sheria. Iko sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Lakini tamaa ya kaka yangu haikuwa manufaa ya umma, na hilo nilimwambia.

Nilimwambia mengine pia, siku tuliyokutana wote wanne kwa baba mdogo. Niliwaeleza nilichosoma. Kaka alisema, "Kwa hiyo kitabu chako kinasema wazee waliacha makaburi. Basi tuuze." Nilimjibu kwamba waliacha makaburi baada ya kumrudisha marehemu nyumbani, na nikamwuliza ni lini sisi tulimrudisha baba. Baba mdogo, ambaye hajui Kiingereza wala hakuwahi kumsikia Monica Wilson, alitikisa kichwa akasema neno moja, "Ndaga." Kwetu neno hilo ni pole na ni asante, na mpaka leo sijui alikusudia lipi.

Tuliuza sehemu ya shamba. Kipande chenye makaburi mawili na njia ya miguu ya kukifikia tuliviacha nje ya mauzo, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Katika chama chetu cha kuzikana nilipendekeza siku moja ya kufyeka makaburi yote ya kitongoji, yenye wenyewe na yasiyo na wenyewe, kabla ya Pasaka. Wengine walikubali, wengine waliuliza chai ya wafyekaji italipwa na nani.

Kitabu naendelea kukipendekeza kwa kila Mnyakyusa asomaye Kiingereza, na ninatamani siku moja nikione katika Kiswahili. Kisomwe kwa kujua kwamba kinatupeleka mpaka matanga na kutuacha hapo. Mdogo wangu bado anataka marumaru. Simkatazi. Nimemwomba tu kwamba kabla ya kuleta fundi, aje mwenyewe na jembe, masika moja, tupalilie.