Ujamaa na Vijana: Walisoma Sana, Lakini Walisoma na Nani?



Sisi wasomi tuliotawanyika huku ughaibuni tuna hadithi moja tusiyochoka kuisimulia: Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya 1967 hadi 1970. Walter Rodney yuko darasani, Issa Shivji anaandika, Yoweri Museveni ni mwenyekiti wa USARF, ule umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, na jarida la Cheche linapita mkono kwa mkono. Kila tukiulizwa siasa ya kijamaa itapataje tena mizizi kwa vijana wa kawaida, jibu letu ni lile lile: wafanye kama Mlimani. Mimi naomba kutofautiana. Wazee wale nawaheshimu sana, ila naona tunawapa vijana mfano usiowafaa.

Hebu tuangalie yaliyotokea. Cheche lilianza Novemba 1969. Novemba 1970 likapigwa marufuku, na USARF nayo ikafutwa, eti Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe na haihitaji itikadi za kuazima. Mwaka mmoja tu! Sasa jiulize, nje ya chuo ni nani aliyepaza sauti? Tusiwanyime haki yao: waliendesha madarasa ya Jumapili, na wengine walikwenda kulima katika vijiji vya ujamaa. Lakini jarida lenye jina la Kiswahili liliandikwa kwa Kiingereza. Uchambuzi wa Shivji juu ya nani hasa anafaidika na mashirika yaliyotaifishwa ulikuwa moto kweli kweli, lakini kuli wa bandarini, aliyekuwa akijadiliwa humo, hakuweza kuusoma.

Linganisha na Mwongozo wa TANU wa 1971. Huo ulitoka kwa Kiswahili, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno na ubabe. Haukupita muda wafanyakazi wakaanza kuwasomea mameneja wao kifungu hicho, na migomo ikafuatana. Mwaka 1973, katika kiwanda cha Mount Carmel Rubber, walifika hadi ya kukishika kiwanda wenyewe. Hao hawakuwa wamesoma Lenin. Walikuwa na kijitabu kidogo, kwa lugha yao, kinachozungumzia bosi wao. Somo liko hapo, na Mlimani hawakulitilia maanani vya kutosha.

Zanzibar inatufundisha upande wa pili. Abdulrahman Babu alipojitenga na ZNP mwaka 1963 na kuanzisha Umma Party, aliwategemea vijana, na hakuwatafuta chuoni, maana chuo chenyewe hakikuwapo. Walikuwa katika vyama vya wafanyakazi, kwenye magazeti na mitaani. Serikali ya Shamte ilikipiga marufuku chama hicho Januari 1964, lakini vijana wake hawakupotea. Mapinduzi yalipotokea siku chache baadaye walikuwapo. Kilichowamaliza ni jambo jingine. Machi 1964 Umma ilijivunja na kuingia ASP. Baada ya hapo hawakuwa na ukumbi wao, gazeti lao wala chama chao. Karume alipouawa Aprili 1972, Babu na wenzake wakakamatwa, na yeye alikaa kizuizini hadi 1978. Mizizi walikuwa nayo, wakaihamishia kwenye chungu cha mwenyewe.

Na jambo hili si la kwetu peke yetu. James Connolly alianzisha Dublin mwaka 1896 chama kidogo cha kijamaa kilichodai jamhuri ya Ireland, akishikilia kwamba kubadilisha bendera bila kubadilisha wenye mali ni kubadilisha rangi tu. Hoja nzuri, wanachama wachache. Baada ya miaka michache chama kikafifia. Mawazo yale yalipata umma pale matajiri wa Dublin walipowafungia milango wafanyakazi kama 20,000 mwaka 1913 kwa sababu ya chama chao cha wafanyakazi. Hoja ilikuwa ile ile ya zamani. Safari hii ilikuta watu waliokwisha kujipanga kwa ajili ya mkate wao.

Nakaa Stockholm, na hapa kuna kitu tunakipita kila siku bila kukitazama. Pale Sveavägen lipo jengo la ABF, jumuiya ya elimu ya wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1912. Kazi yake kubwa ni vikundi vya kujisomea: watu wachache, kitabu kimoja, jioni ile ile kila wiki, kahawa, na kiongozi ambaye si lazima awe mwalimu. Utaratibu huo ulianzia Lund mwaka 1902 katika vyama vya kupinga ulevi. Msiniambie Sweden ilikuwa tajiri na huru. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameikimbia kwenda Marekani, na wanawake walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Rickard Sandler, aliyeiongoza ABF mwanzoni, baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Vikundi vile vilimfundisha seremala kuendesha kikao, kusoma hesabu za chama na kumpinga mwenyekiti bila kupigana.

Sisi tuliuona mti huu tukachukua matawi. Kuanzia 1975 Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, zaidi ya 50. Vimefanya kazi nzuri ya ufundi, sikatai. Lakini huku vyuo vya namna hiyo vingi ni mali ya vyama na jumuiya za watu; kule vilikuwa mali ya serikali. Tulichukua majengo, tukaacha uhuru.

Kwa nini nayasema haya leo? Juni 2024 vijana wa Kenya waliufafanua Muswada wa Fedha kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za makwao, wakaingia barabarani, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akakubali kuuondoa. Walifanya ambalo Cheche halikufanya. Lakini damu ilimwagika, na nguvu ile ilitapakaa haraka kama ilivyokusanyika. Oktoba 29, 2025 vijana wa Tanzania nao waliingia barabarani siku ya uchaguzi. Intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Mtandao ukizimwa, kijana wa Mbagala anabaki na nani? Kama hana kikundi cha watu kumi wanaojuana kwa sura na kuaminiana, anabaki na hasira yake na risasi ya askari.

Ndiyo maana naona Mathare Social Justice Centre na maktaba ya Ukombozi kule Nairobi ni muhimu kuliko makongamano yetu mengi. Ni vyumba vidogo, vyenye viti na vitabu. Sisi tunaoweza kuandika bila kukamatwa tuna deni moja: tuwaandikie vijitabu vifupi, kwa Kiswahili, juu ya kodi, ardhi, mishahara na sheria za polisi, kisha tuwaachie wavijadili bila sisi kukaa meza kuu.

Anayeona nimewaonea wazee wa Mlimani aje na hoja. Niko tayari kusikiliza.

Wasalaam,
Stockholm