Njia ya Dumont: sifa yake kubwa haiko kwenye maua



Watu wengi wanaosifu njia za miguu zilizotengenezwa juu ya reli za zamani wanasifu maua na hewa safi. Mimi nilitembea moja ya zile maarufu zaidi, Coulée verte René-Dumont ya Paris, wakati wa mafunzo mafupi niliyoyafanya Ufaransa. Niliitembea yote, karibu kilomita 4 na nusu. Ni kazi nzuri. Lakini wanaisifu kwa jambo dogo, na lile kubwa wanalipita.

Historia yake ni hii. Reli ya Vincennes ilifunguliwa mwaka 1859, treni zikianzia kituo cha Bastille. Mwezi wa 12 mwaka 1969 kituo kilifungwa, na kipande cha reli kilicho ndani ya mji kikabaki bila kazi. Kituo chenyewe kilibomolewa baadaye, na leo pale kuna jumba la opera. Lakini lile daraja refu la matao lililokuwa linabeba treni waliliacha. Jacques Vergely, mtaalamu wa bustani, na Philippe Mathieux, msanifu majengo, waligeuza njia ya treni kuwa njia ya watu, na mwaka 1993 ikazinduliwa.

Unapanda ngazi karibu na Bastille, unajikuta unatembea usawa wa madirisha ya juu ya nyumba za watu. Motokari zinapiga kelele kule chini, wewe hazikuhusu. Pale juu hata kinga hairuhusiwi. Chini ya miguu ni pagumu na sawa, mvua ikinyesha hukanyagi matope. Ukivuka bustani ya Reuilly kwa daraja la miguu, njia inarudi kwenye usawa wa ardhi, kiisha inaingia ndani ya mtaro mkubwa na mahandaki yaliyochimbwa kwa ajili ya treni. Ule mwendo wa kupanda na kushuka ndio uzuri wake wa kweli, na hakuna aliyeupanga kwa ajili yetu. Ulipangwa na reli.

Sasa niseme kama mtu wa agronomia. Waridi na mianzi iliyopandwa juu ya daraja haina udongo wa kina. Bila mikono ya kumwagilia na kupogoa, mingi ingekauka. Kwa hiyo anayesifu maua pale anasifu wafanyakazi wa mji na mshahara wao unaofika kila mwezi. Hilo halionekani kwenye picha. Tena bustani hii imepandwa kwa ajili ya macho na pua, si kwa ajili ya tumbo, na hapo jina lake linanisumbua.

René Dumont alikuwa agronomo. Kati yetu tuliosoma kilimo, ni wachache ambao hawajasikia kitabu chake cha mwaka 1962, L'Afrique noire est mal partie. Aliwasema wakoloni, akawasema na viongozi wapya wa Afrika waliopenda ofisi na motokari kuliko shamba. Mwaka 1974 aligombea urais wa Ufaransa, akanywa glasi ya maji mbele ya televisheni kuonya kwamba maji yatakuja kuwa haba. Leo, ndani ya bustani ya Reuilly, kuna bomba linalotoa maji ya gesi bure tangu mwaka 2010. Nilikunywa, ni matamu. Lakini kwetu Fizi kuna mama anayechota maji ya ziwa akijua kabisa kwamba kolera iko, kwa sababu hana mengine. Kumpa Dumont njia ya matembezi ya Jumapili ni heshima, ila ni heshima iliyomlegeza. Makali yake yote yamebaki kwenye kitabu.

Basi lile jambo kubwa ni lipi? Ni ardhi. Treni zilipokwisha, ule ukanda mwembamba haukukatwa vipande vipande. Ulibaki mmoja, wa watu wote, mpaka wakajua wanaufanyia nini. Maua yalikuja nyuma.

Hili linatuhusu, juu na sisi tulikuwa na reli iliyokufa, tena jirani hapa. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na reli ya Kivu, CEFAKI, toka Uvira mpaka Kamanyola, karibu kilomita 90 ndani ya uwanda wa Ruzizi. Iliunganisha meli za Tanganyika na barabara inayopanda kwenda Bukavu. Haikujengwa ili mkulima atembee, ilijengwa ili mizigo ipite. Mbele ya uhuru ilikuwa imekwisha kufungwa, na reli zikang'olewa. Ukanda wake haukuwekewa mpango. Simlaumu mtu aliyelima au kujenga pale, mtu analima palipo na udongo. Nalaumu kwamba hakuna aliyeuliza swali mapema.

Matokeo yake tunayaona. Barabara ya taifa namba 5 inabeba kila kitu peke yake: malori, pikipiki, mbuzi, watoto wa shule, mama mwenye kitunga cha muhogo kichwani. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka pale Sange, katikati ya watu, likaua zaidi ya watu 230. Njia ya miguu peke yake isingezuia msiba ule. Lakini unatuonyesha maana ya kuishi, kuuza na kutembea juu ya mstari mmoja tu.

Reli ile haikufika Mboko. Sisi mstari wetu ni barabara, na upande mmoja ni ziwa, ambalo miaka hii limepanda na kuingia katika nyumba za watu. Nafasi ni ndogo, na kila mwaka nyumba na vibanda vinasogea. Mimi siombi waridi. Naomba ukanda wa mita chache pembeni ya barabara, uwekewe alama na secteur na wakubwa wa vijiji kabla lami haijafika. Tupande miembe ya kivuli mbali kidogo na mitaro, na vetiva pale udongo unapobomoka. Miti yenyewe tunaweza kuotesha sisi wenyewe, kazi tumeisomea.

Lami inaweza kungoja pesa. Ukanda hauwezi kungoja. Ukishajengwa nyumba, kuurudisha ni kubomolea watu, na nani kati yetu atakubali kushika ile nyundo?