Miaka 38 ya Teke

Kutoka mkanda mweusi wa dani ya kwanza hadi dani ya tisa katika taekwondo, njia fupi kuliko zote ni ya miaka 38. Unakaa mwaka mmoja kwenye dani ya kwanza kabla ya kuomba ya pili, miwili kabla ya kuomba ya tatu, mitatu kabla ya ya nne, na muda unazidi kurefuka kadiri unavyopanda, mpaka ile miaka 9 ya kungoja kati ya dani ya nane na ya tisa. Huo ndio utaratibu wa Kukkiwon, jumba kuu la taekwondo lililofunguliwa Seoul mwaka 1972, ambalo vyeti vyake ndivyo vinavyotambuliwa na shirikisho la dunia la mchezo huo. Na hapo bado hatujagusa miaka ya mikanda ya rangi. Aliyefunga mkanda mweusi akiwa kidato cha nne atafika kileleni, kama atafika, akiwa na wajukuu.

Huku Kaisho, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, hatukuufahamu mchezo huu kwa sura hiyo ya kungoja. Tuliujua kwa video. Katika vibanda umiza, kama kwingineko Tanzania, filamu za mapigano zilikuja na sauti ya mtafsiri kama Lufufu au DJ Mark juu yake, na kila aliyerusha mguu hewani aliitwa mtu wa karate, awe Mchina, Mjapani au Mkorea. Shujaa anapigwa, anakimbilia mlimani kwa mzee mwenye ndevu, anafanya mazoezi kwa muda wa wimbo mmoja, kisha anashuka kulipiza kisasi. Watoto walitoka humo moja kwa moja hadi shambani kuipiga mateke migomba, ambayo kwa bahati yao haikuwa na tabia ya kujibu. Baadaye zikaja tamthilia za Kikorea, na jina la Jumong likajulikana hata kwa bibi asiyejua Korea iko upande gani wa dunia.

Kile ambacho filamu hukipitisha kwa wimbo mmoja ndicho ufundi wenyewe.

Chukua teke la mzunguko, dollyo chagi, ambalo mwanafunzi hufundishwa mapema na mwalimu wake, mwenye dani kadhaa, bado analirudia. Goti ndilo linalotangulia. Linapanda mbele likiwa limekunjwa, kisigino kikiwa kimebanwa karibu na paja, ili mpinzani asijue bado kama teke linakwenda tumboni, ubavuni au kichwani. Wakati goti linapanda, mguu wa kusimamia unageuka kwa sehemu ya mbele ya wayo, mpaka kisigino chake kielekee kwa anayepigwa. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea. Wayo usipogeuka, nyonga inakwama, na nguvu iliyokusudiwa kumfikia mwingine inamalizikia kwenye goti la mpigaji mwenyewe. Nyonga ikishafunguka ndipo mguu unafyatuka kuanzia gotini, mgongo wa wayo unagonga, na papo hapo mguu unakunjwa tena kabla ya kushuka chini. Asiyejua huuacha mguu uanguke popote. Fundi huurudisha. Teke lisilorudi ni mguu uliokabidhiwa mpinzani.

Yote hayo hupita kwa muda mfupi kuliko wa kuyasema. Kwenye fainali ya uzani wa kilo 80 huko Rio mwaka 2016, Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alikuwa nyuma kwa pointi 4 dhidi ya 6, sekunde ya mwisho ikiyoyoma, alipozunguka na kisigino chake kikampata Mwingereza Lutalo Muhammad kichwani. Akashinda 8 kwa 6, na nchi yake ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Watu husema ilikuwa bahati. Mguu unaoweza kuzunguka, kuona, kugonga na kubaki na mwili uliosimama, katika sekunde ambayo akili tayari imekata tamaa, hautoki kwenye bahati. Umerudiwa mara nyingi mno, siku ambazo hakuna aliyekuwa anatazama.

Ukitaka kuona ufundi huu ukifundishwa karibu nasi, fuata mto. Kagera, unaotuzunguka Kyerwa upande wa magharibi na kaskazini, kabla haujatufikia hupita jirani na Mahama, kambi ya wakimbizi wa Burundi katika wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2015. Huko ndiko alikofundisha Parfait Hakizimana. Mwaka 1996, alipokuwa mtoto, kambi alimokuwa ya watu waliokimbia makwao ndani ya Burundi ilishambuliwa. Mama yake akauawa, naye akapigwa risasi iliyomwachia ulemavu wa mkono. Taekwondo aliianza akiwa na miaka 16. Ghasia za mwaka 2015 zilimkimbiza hadi Rwanda, na pale kambini akakusanya wanafunzi, watoto wadogo na watu wazima, akaanza kuwafundisha kukunja goti. Mwaka 2021, taekwondo ilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Paralimpiki, jijini Tokyo, alikuwa mmoja wa wanamichezo 6 wa timu ya wakimbizi. Hakurudi na medali.

Medali si jambo ninalolistaajabia kwa mtu huyu. Katika teke la mzunguko mikono haikai bure. Mkono mmoja unatupwa nyuma wakati nyonga inakwenda mbele, na huo ndio unaozuia mwili usizunguke ukapitiliza. Aliyepungukiwa mkono lazima autafute mzani huo kwingine, kwenye kiwiliwili, kwenye nyonga, kwenye vidole vya mguu unaosimama. Sheria za taekwondo ya Paralimpiki zinalijua hilo: kwa kuwa mikono haiwezi kuzuia ipasavyo, teke la kichwani ni marufuku, na pointi zote hutafutwa kifuani na tumboni. Mwalimu wa namna hiyo hana pa kujificha. Akisimama kwa mguu mmoja mbele ya darasa, darasa linaona msingi mtupu.

Sisi wa Kagera kambi tunazijua. Mwaka 1994 Ngara na Karagwe zilipokea umati kutoka Rwanda, na walioishi jirani wanakumbuka kwamba kazi kubwa ya siku, baada ya foleni ya maji na ya chakula, ilikuwa kungoja. Kungoja kule hakuna tarehe wala ngazi. Nadhani ndiyo maana mchezo huu umeshika kambini kuliko wengi walivyotarajia, hata shirikisho la dunia likaanzisha taasisi ya kufundisha taekwondo kwa wakimbizi, yenye makao Lausanne, iliyoanza mwaka 2016 na kufanya kazi katika kambi kama ile ya Azraq huko Jordan. Taekwondo nayo ni kungoja, lakini kungoja kuliko na tarehe, na kuna kitu cha kufanya katikati.

Ngazi zenyewe zimepangwa kwa namna ya ajabu kidogo. Mwanafunzi huanza daraja la 10, liitwalo geup, na hesabu inashuka hadi 1. Akifunga mkanda mweusi hesabu inageuka na kuanza kupanda, dani ya 1 hadi ya 9. Maana yake ni kwamba siku anayodhani amemaliza ndiyo siku anayorudishwa kwenye namba moja. Mkanda mweupe ni wa asiyejua kitu. Kisha huja wa njano, kijani, buluu na mwekundu. Katika tawi la ITF, shirikisho jingine la taekwondo, lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966, rangi hizo zinasomwa kama mmea: njano ni ardhi inayopokea mzizi, kijani ni mche unaochipua, buluu ni mbingu ambako mti unaelekea, nyekundu ni hatari, onyo kwa mwenyewe ajizuie na kwa mpinzani akae mbali. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 15, hata awe hodari vipi, Kukkiwon humpa mkanda wa nusu nyekundu nusu nyeusi, poom, mpaka umri utimie. Kipaji hakiruhusiwi kuupita umri.

Kupanda ngazi si suala la kumpiga mtu. Mtihani una poomsae, mfuatano wa hatua, vizuizi, ngumi na mateke dhidi ya adui asiyeonekana. Mikanda ya rangi ina mifuatano minane iitwayo Taegeuk. Mweusi una mifuatano yake, kuanzia Koryo. Mtazamaji mgeni huona kama ngoma isiyo na muziki, na kwa haki kabisa huchoka kutazama. Lakini angalia wayo wa mwisho. Mfuatano umepangwa uishie pale ulipoanzia. Mwanafunzi akimaliza hatua moja pembeni, si lazima mwalimu awe ameona kosa lenyewe. Anajua kwamba mahali fulani njiani hatua moja ilikuwa ndefu au fupi kuliko mwenzake, na anamwambia arudie yote.

Sasa mizizi. Historia inayosimuliwa mara nyingi inaanzia kwa Jumong wetu wa tamthilia, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo. Katika makaburi ya ufalme huo, eneo ambalo leo liko ndani ya mpaka wa China, kuna michoro ya wanaume wawili wakikabiliana mikono mitupu. Wasimulizi huongeza hwarang, vijana wapiganaji wa ufalme wa Silla, waliotazamwa na wapenzi wa tamthilia ya Malkia Seondeok, kisha kitabu cha mbinu za vita kiitwacho Muye Dobo Tongji, kilichokamilishwa kwa amri ya Mfalme Jeongjo mwaka 1790. Hivyo vyote vilikuwepo. Kinachokosekana ni kamba inayoviunganisha na teke la leo.

Kamba inayoonekana wazi ni fupi zaidi, na inapitia mahali ambapo Wakorea kwa miaka mingi hawakupenda kupataja. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Vijana wa Kikorea waliosoma Japani walijifunza karate huko, na waliporudi wakafungua shule. Lee Won Kuk alifungua Chung Do Kwan jijini Seoul mwaka 1944. Choi Hong Hi, aliyelipigania jina taekwondo tangu mwaka 1955, naye alikuwa amejifunza karate Japani. Hata mkanda na dani ni urithi wa judo ya Kano Jigoro. Uwanja wa Kikorea hasa ni miguu. Korea ilikuwa na taekkyeon, mchezo wa kale wa kuyumba, kufagia miguu ya mpinzani na kurusha mateke, uliobaki hai kupitia wazee wachache hadi UNESCO ilipoutambua mwaka 2011. Wataalamu wanabishana taekkyeon ilichangia kiasi gani, lakini linganisha karate ya miaka ya 1940 na taekwondo ya miaka ya 1970 na utaona mguu umepanda kutoka kiunoni hadi juu ya kichwa, na umejifunza kuzunguka na kuruka. Hilo walilifanya wenyewe, ndani ya kizazi kimoja, katika nchi iliyotoka kwenye ukoloni na kuingia vitani.

Kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko miaka elfu mbili ya kudaiwa. Na siwacheki kwa kutafuta babu mwenye mkuki. Wanyambo tuna ebyebugo, majigambo ya shujaa mbele ya mtawala wetu, Omukama, na sijasikia kwamba kuna aliyesikiliza akadai cheti cha ushahidi.

Lipo moja linaloniudhi. Tangu vazi la kifua la kielektroniki lilipoingia Olimpiki mwaka 2012, wachezaji wengi hukaa wamening'iniza mguu wa mbele hewani, wakipapasa mpaka kitambuzi kilie. Pointi zinapatikana, ufundi haupo. Shirikisho limeongeza thamani ya mateke ya kuzunguka ili kuwarudisha wachezaji kwenye kazi, na kidogo limefaulu. Lakini la kufurahisha nalo lipo. Jijini Paris, tarehe 29 Agosti 2024, Zakia Khudadadi, Mwafghanistani aliyezaliwa bila kigasha kimoja, alishinda shaba kwa timu ya wakimbizi, medali ya kwanza kabisa ya timu hiyo kwenye Paralimpiki. Ilitoka kwenye taekwondo.

Kwa mzazi wa Kaisho, Nkwenda au Murongo atakayeletewa habari kwamba mwalimu amefika na anaandikisha watoto: mchezo huu hauhitaji ukumbi, kiwanja tambarare kisicho na mawe kinatosha kuanzia. Muulize mwalimu dani yake ni ya ngapi na imetolewa na nani. Cheti cha Kukkiwon kina namba, na namba hiyo huweza kuhakikiwa. Kisha nenda ukatazame kipindi kimoja bila kumwambia. Ukikuta watoto wamesimama kwa mguu mmoja kwa muda mrefu, wakichoshwa na jambo lile lile, lipa ada. Akikuahidi mkanda mweusi kabla ya Krismasi, rudi nyumbani na pesa yako.