Makala ya Kurasa Mbili Iliyongoja Miaka Mitatu

Mwaka 2009 jarida la Chama cha Kemia cha Marekani lilichapisha makala ya kurasa mbili kutoka Chuo Kikuu cha Toin, Yokohama. Waandishi walikuwa wanne: Akihiro Kojima, Kenjiro Teshima, Yasuo Shirai na kiongozi wa maabara, Tsutomu Miyasaka. Tangu hapo imerejelewa zaidi ya mara 10,000. Anayeiona jumla hiyo tu atadhani wanasayansi waliikimbilia siku ilipotoka. La hasha. Miaka mitatu ya mwanzo walioitaja walikuwa wachache mno, na walikuwa na sababu.

Kojima na wenzake walichukua seli ya sola ya aina iliyobuniwa na Brian O'Regan na Michael Grätzel mwaka 1991, ambamo chembechembe za titani dioksidi hupakwa rangi inayonasa mwanga. Wakaiondoa rangi, wakaweka fuwele za perovskaiti zenye risasi na iodini. Umeme ulitoka, lakini ufanisi ulikuwa asilimia 3.8 tu, wakati seli za rangi zilikwisha kupita asilimia 10. Tena elektroliti ya majimaji iliyokuwa ndani iliziyeyusha fuwele zenyewe, seli ikafa upesi. Mtafiti wa 2010 aliyeisoma na kuiweka kando hakukosea sana.

Kilichobadilisha mambo ni kuondolewa kwa yale majimaji. Mwaka 2012 kundi la Nam-Gyu Park wa Korea Kusini, likishirikiana na Grätzel, lilitumia kitu kigumu cha kubeba chaji na kufika asilimia 9.7. Mwaka huohuo kundi la Henry Snaith wa Oxford lilitangaza asilimia 10.9, na hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Snaith na wenzake waliitoa titani dioksidi, inayopokea elektroni, wakaweka alumina, isiyopitisha umeme kabisa. Kwa mawazo ya wakati ule seli ilipaswa kufa. Ikafanya kazi vizuri zaidi. Maana yake perovskaiti haikuwa rangi tu ya kunasa mwanga. Ilikuwa inabeba umeme yenyewe. Kuanzia hapo wanafizikia, wahandisi na watengenezaji wa taa wote walikuwa na swali la kuiuliza fuwele hiyo, na kila aliyeuliza alianza kwa kuitaja makala ya 2009.

Jina la Miyasaka limo pia katika makala hiyo ya Oxford, pamoja na la Takurou Murakami, aliyewahi kufanya kazi katika maabara yake. Ujuzi ulisafiri na watu waliofahamiana, kabla marejeo hayajaanza kuusafirisha.

Sasa tutazame vipimo vyetu vya thamani ya utafiti. Kipimo cha athari cha jarida, kile ambacho kamati nyingi za kupandisha vyeo hukitegemea, huhesabu marejeo ya makala zilizotoka miaka miwili iliyotangulia. Makala ya 2009 huingia katika hesabu ya 2010 na ya 2011, basi. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa kimya. Marejeo yote yaliyofuata hayakuliongezea jarida hata nukta moja. Kielezo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kina upofu wa namna nyingine: kwa mtafiti mwenye h ya 80, makala iliyorejelewa mara 80 na iliyorejelewa mara 10,000 huhesabiwa sawa, kila moja kama makala moja tu. Kielezo hicho hupima bidii ya muda mrefu, na hilo hukifanya vyema. Kazi moja iliyofungua uwanja mzima hakiwezi kuiona.

Mimi ningeitaka grafu ya marejeo mwaka hadi mwaka, kisha ningezifungua makala zenyewe nione zimerejelea nini. Hapa ndipo tutakapokuta kwamba karibu hakuna anayefuata mbinu ya 2009. Wanaitaja katika aya ya kwanza, kama chimbuko: ufanisi ulianza asilimia 3.8, leo umepita 26. Mapishi wanayochukua ni ya 2012 na baadaye. Marejeo ya aina hiyo ni heshima ya haki kabisa, lakini yanapima kitu tofauti na matumizi.

Na heshima hiyo haikugawanywa sawasawa. Perovskaiti hizi za methilamonia na risasi zilielezwa na Dieter Weber nchini Ujerumani mwaka 1978, kwa Kijerumani, katika jarida la kemia ambalo watu wa sola hawakuwa na sababu ya kulifungua. Mwaka 2017 kampuni ya Clarivate, inayohesabu marejeo, iliwataja Miyasaka, Park na Snaith miongoni mwa wanaostahili kufikiriwa kwa Nobel ya kemia. Makala ya Weber, iliyoeleza fuwele yenyewe, imerejelewa mara chache sana ikilinganishwa na ile ya Yokohama.